Kwenda kupima magonjwa ya zinaa Moshi: kuanzia mapokezi hadi majibu

Januari ndiyo yenye pilika kwetu. Desemba watu wanarudi nyumbani Kilimanjaro kutoka Dar, Mwanza na Arusha, mbege inanyweka, waliopotezana wanaonana. Sikukuu zikiisha, benchi la mlangoni kwangu linajaa. Mimi ni nesi wa chumba cha ushauri nasaha na upimaji hapa Moshi mjini, na ombi ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Nesi, nipime vyote." Sasa, kipimo kinachoitwa "vyote" hakipo. VVU ina chake, kaswende ina chake, homa ya ini chake, na vingine havipimwi kwa damu kabisa. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla ya kutafuta nauli

Jambo lenyewe lilitokea lini? Kama hazijapita saa 72, usisubiri Jumatatu. Nenda hospitali leo, hata usiku, useme: "Nimekuwa kwenye hatari ya VVU, nahitaji PEP." Hizo ni dawa za kinga zinazomezwa siku 28, na ukiziwahi zinafanya kazi vizuri zaidi. Baada ya saa 72 hatuzianzishi tena.

Kama siku zimepita, elewa kipimo kinaona nini. Kipimo chetu cha haraka cha VVU kinatafuta kinga ambayo mwili hutengeneza baada ya virusi kuingia, na mwili unaweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi 3. Kwa hiyo anayekuja tarehe 2 Januari kwa jambo la tarehe 26 Desemba anapata majibu ya maisha yake ya kabla ya Krismasi. Bado aje, tujue anapoanzia, halafu arudi mwishoni mwa Machi. Kisonono hakina subira hiyo: kwa mwanaume usaha huweza kutoka ndani ya siku chache tu.

Hatua ya 2: Usijitibu njiani

Hapa ndipo tunapoharibikiwa sana. Mtu anaona usaha, anapita duka la dawa, anaomba "dozi ya gono", anapewa sipro, anameza siku mbili, maumivu yanatulia, ndipo anakuja kupima. Maabara haioni kitu, na ugonjwa bado upo. Kisonono cha siku hizi kimeshaizoea sipro. Kama umeshameza, njoo na pakiti yake, hatutakugombeza.

Mwanamke asijisafishe ndani ya uke siku hiyo. Na yeyote mwenye uchafu au maumivu asikojoe kwa saa moja au mbili kabla ya kufika. Chakula kula kama kawaida.

Hatua ya 3: Mapokezi

Huna haja ya kusimulia dirishani. "Naomba kumwona mshauri" inatosha, watakuelekeza. Kupima VVU kwenye vituo vya serikali ni bure. Vipimo vingine vinaweza kuwa na malipo, kwa hiyo uliza bei kabla damu haijatoka. Ukiwa na miaka 15 au zaidi unajipima VVU kwa ridhaa yako mwenyewe, bila mzazi, tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2019.

Wengine wanaogopa kumkuta shemeji kwenye foleni. Kwa hiyo wa Machame wanashuka mjini, wa mjini wanapanda basi kwenda Arusha, na wa Arusha nawaona hapa. Si vibaya. Kumbuka tu kwamba majibu yakihitaji urudi, utairudia nauli hiyo.

Hatua ya 4: Chumba cha ushauri

Hii ndiyo sehemu watu wanayotaka kuiruka, na ndiyo inayoamua upimwe nini. Nitakuuliza: mara ya mwisho lini, kondomu ilitumika au ilipasuka, wenza wangapi kwa miezi ya karibuni, wanaume au wanawake, njia gani: ukeni, mdomoni, nyuma. Siulizi kwa umbea. Ugonjwa unaweza kukaa kooni au njia ya haja kubwa bila dalili, na mkojo hautauonyesha.

Baba mmoja wa makamo aliingia, nikamwamkia shikamoo, akaniambia amekuja kupima presha. Nikapima presha. Akakaa. Tukaongea mvua, tukaongea bei ya mahindi. Akasimama, akashika kitasa, ndipo akageuka: "Mwanangu, na ile nyingine mnapima?" Nikamwambia, "Karibu ukae tena, baba." Basi nawe ukifika ukashindwa kulitamka, sema "ile nyingine". Tutaelewana.

Hatua ya 5: Sampuli

VVU na kaswende: nafuta ncha ya kidole kwa pamba yenye spiriti, naacha ikauke, nachoma. Tone la kwanza nalifuta, la pili ndilo linaingia kwenye kipimo, kisha nadondoshea maji yake. Tunasubiri kama dakika 15 hadi 20. Mstari mmoja penye herufi C, hakijaona maambukizi. Miwili, simwambii mtu lolote mpaka nirudie kwa kipimo cha aina nyingine. C isipotokea, kipimo kimeharibika, tunachoma tena. Unaruhusiwa kuangalia, na mimi napenda uangalie.

Homa ya ini B nayo ni damu. Isipoonekana, uliza chanjo: sindano 3 ndani ya miezi 6.

Mkojo una kanuni yake. Kwa UTI tunataka mkojo wa katikati. Kwa kisonono na klamidia, mahali penye mashine ya kupima vinasaba, tunataka ule wa mwanzo kabisa. Usibadilishe vikopo.

Vituo vingi havina mashine hiyo, hivyo ukiwa na dalili utatibiwa kwa dalili: usaha, uchafu ukeni, au kidonda, kila kundi na dawa zake. Usidhani umepuuzwa, huo ndio utaratibu. Mwenye vidonda ataombwa avionyeshe, na mwanamke anaweza kuwekewa spekula, kile kifaa cha kufungua uke ili tuone ndani. Ni baridi, inabana, haikati. Una haki ya kuomba nesi wa kike au kusema "subiri kwanza". Ukiwa hapo, uliza kama wanapima saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, ni dakika chache tu. Mkoa wetu ndio ulioanza kujaribu chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, kwa wasichana mwaka 2014, kabla haijaenda nchi nzima 2018, lakini dada waliokuwa wakubwa wakati huo wengi hawakuipata.

Hatua ya 6: Majibu

Nilipoanza kazi, kwenye kituo kingine, nilimwambia binti mmoja "uko safi". Nilikuwa nimempima VVU peke yake. Miezi kadhaa baadaye alikwenda kliniki ya wajawazito akakutwa na kaswende, akanirudia: "Si ulisema niko safi, dada?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo neno hilo silitumii.

Ukikutwa na VVU, dawa unaweza kuanza siku hiyohiyo. Kusubiri CD4, yaani idadi ya chembe za kinga, ishuke kuliachwa tangu 2016. Virusi vikifubazwa hadi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenza wako kwa ngono. Kaswende ni sindano ya penisilini, mara nyingi inagawanywa tako la kulia na la kushoto. Inauma kweli, na siku hiyo bodaboda siipendekezi. Ukishatibiwa, kipimo cha haraka cha kaswende kinaweza kubaki na mistari miwili maisha yako yote. Mweleze hivyo nesi atakayekupima baadaye, afanye kile kinachoonyesha kama ugonjwa bado uko hai.

Utapewa kadi ya kumpelekea mwenza. Jina la ugonjwa wako si lazima ulitaje, mpe tu kadi aje. Msikutane kimwili mpaka zipite siku 7 tangu wote wawili mmalize dawa, la sivyo mtarudishiana.

Hatua ya 7: Kabla hujatoka

Omba kalamu. Uliza, "Leo nimepimwa nini na nini?" na uandike: VVU, tarehe, jibu. Kaswende, tarehe, jibu. Homa ya ini. Kisonono. Klamidia. Ambacho hakikupimwa, andika jina lake na uache nafasi wazi mbele yake. Chini kabisa andika tarehe ya kurudi.