Sanduku la Bibi: Namna ya Kukusanya na Kutunza Kumbukumbu za Mtaa, kwa Mifano ya Kariakoo

Sanduku la bati huwa uvunguni mwa kitanda cha bibi. Ndani mna kadi ya TANU, picha za studio zenye kingo zilizokatwa kama meno, barua ya posa, daftari la upatu, kanga mbili zisizovaliwa tena na kaseti za harusi ya mtoto wa kwanza. Nyumba ya vyumba sita inapouzwa ili ghorofa lisimame, sanduku hilo ndilo hupotea kwanza. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikipita nyumba kwa nyumba Kariakoo na Ilala kuokoa yaliyomo kwenye masanduku ya namna hiyo. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuianza kazi hii mtaani kwake, awe Dar es Salaam, Kibokoni ya Mombasa au Ng'ambo ya Unguja.

Huenda ukauliza: si ipo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa? Ipo, na kazi yake ni kubwa. Lakini majalada ya serikali huiona Kariakoo kwa macho ya ofisi: viwanja, kodi, leseni, afya. Yatakueleza kwamba jina la mtaa limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hayatakuambia nani alikuwa akipika kwenye shughuli za Mtaa wa Sikukuu, wala kikundi kipi cha ngoma ya lelemama kilichanga fedha za TANU. Hayo yako uvunguni mwa kitanda.

Hatua ya 1: Chagua mtaa mmoja tu

Usianze na "historia ya Dar es Salaam". Chukua Mkunguni, au Narung'ombe, au nusu yake. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ujitambulishe, uache barua. Kisha mtafute mzee anayejulikana na kila mtu, umpe shikamoo, ukae. Siku ya kwanza usitoe simu wala kalamu. Ukishakunywa kahawa barazani kwake mara mbili au tatu, yeye mwenyewe ndiye atakayekupeleka nyumba ya pili, na mlango unaofunguliwa na mzee haufungwi na wajukuu.

Hatua ya 2: Azima, usichukue

Hili ndilo sharti ninaloling'ang'ania kuliko yote. Nakala halisi zinabaki kwa wenyewe. Familia nyingi za mjini zina mtu aliyewahi kuja akaazima albamu "kwa ajili ya kitabu" asirudi tena, na kidonda hicho utakikuta kila nyumba. Kwa hiyo beba skana ndogo na kompyuta yako, ufanye kazi mezani kwao, mwenye mali akiwa anaona. Ikibidi kuondoka na kitu, andika hati ya makabidhiano nakala mbili: idadi ya vitu, hali ya kila kimoja, siku ya kurudisha, sahihi zenu wote wawili. Rudisha siku moja kabla.

Hapo hapo omba ruhusa ya matumizi, kwa maandishi au kwa sauti iliyorekodiwa. Mimi hutumia ngazi tatu: kinachoweza kuonwa na watu wote, kinachoonwa na familia tu, na kinachofungwa mpaka mwaka ambao mwenyewe ataupanga. Hati za nyumba, karatasi za talaka na vyeti vya hospitali huviweka ngazi ya tatu bila hata kuulizwa. Hati ya nyumba ikizagaa kwenye WhatsApp inaweza kufufua ugomvi wa mirathi uliolala miaka thelathini. Tangu 2022 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo inahusu majina na habari za watu walio hai unaowaandika. Na ukikuta jalada lenye mhuri wa ofisi ya serikali, usilifanye lako: nyaraka za umma zina sheria yake, Sheria Na. 3 ya 2002, na mahali pake ni Nyaraka za Taifa.

Hatua ya 3: Sikiliza kabla ya kuskani

Mwanzoni niliifanya kazi hii kinyume. Nilimkuta mama mmoja mwenye picha zaidi ya arobaini, nikaziskani zote mchana mmoja, nikamwambia nitarudi wiki ijayo tuandike majina. Niliporudi kulikuwa na turubai mlangoni na watu wamekaa msibani. Picha zile bado ninazo, safi, kila uzi wa nguo unaonekana, na zaidi ya nusu ya nyuso zilizomo hakuna tena anayeweza kuzitaja. Tangu siku hiyo jina hutangulia mashine.

Keti naye, weka picha moja katikati yenu, washa kinasa sauti. Simu inatosha kabisa ukiiweka hali ya ndege, ukaiegemeza kwenye kitambaa badala ya meza tupu, na feni ikazimwa. Usiseme "tueleze historia ya mtaa", maana utapewa hotuba. Uliza kuhusu kile kinachoonekana: hii nguo nani aliishona? Huyu aliyekatwa nusu ni nani? Picha ilipigwa kabla ya kula au baada? Mbona babu hakuvaa kofia? Swali dogo huvuta jambo kubwa. Kwa swali la gauni tu nimewahi kupewa habari za fundi cherehani, mwenye nyumba aliyempangisha, kodi aliyolipa, na mwaka 1971 ambapo serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha na mambo yakabadilika.

Taja watu kuanzia kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza. Andika jina alilojulikana nalo mtaani pamoja na la kwenye vyeti, kwa sababu "Mama Kidawa" ndiye atakayetafutwa na watu. Andika pia nani aliyekuambia na siku gani. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili, kila moja na mwenyewe. Usiwaamulie. Dakika arobaini zinatosha kwa kikao kimoja. Mtu wa miaka themanini huchoka, na heshima itamzuia kukuambia.

Hatua ya 4: Tafuta mwaka ndani ya picha yenyewe

Watu hukumbuka matukio kuliko tarehe. "Nilikuwa na mimba ya Zuhura" ni tarehe nzuri ukimjua Zuhura. Kwa mengine, kitu chenyewe kina ushahidi. Kadi ya TANU haiwezi kutangulia Julai 1954, na baada ya Februari 1977 chama kilikuwa CCM. Jezi au pennanti yenye neno Sunderland ni ya kabla ya 1971, mwaka ambao klabu ilichukua jina la Simba. Risiti ya shilingi ya Afrika Mashariki inakupeleka kabla ya shilingi yetu ya 1966 kushika nafasi. Anwani ya New Street ni jina la zamani la Mtaa wa Lumumba; Acacia Avenue ikawa Independence Avenue, kisha Samora. Nyuma ya watu ukiona yale mapaa ya zege ya Soko la Kariakoo yaliyosanifiwa na Beda Amuli, yanayofanana na miavuli iliyofunguliwa, basi uko miaka ya 1970 au baadaye. Kanga yenye jina, yaani yale maneno yake, kwa herufi za Kiarabu kwa kawaida ni kongwe kuliko yenye herufi za Kirumi.

Geuza kila picha. Mgongoni huwa na muhuri wa studio, salamu kwa mchumba, au tarehe iliyoandikwa kwa wino wa buluu. Mgongo nao uskani. Ukitaka kuandika wewe, tumia penseli laini, pembeni, bila kukandamiza; kalamu ya wino hupenya mbele baada ya miaka. Kama ni ile karatasi ya picha yenye ngozi ya plastiki inayokataa penseli, andika kwenye bahasha yake.

Hatua ya 5: Skani mara moja, vizuri

Nawa mikono, kausha, shika picha kwa kingo. Vumbi liondoe kwa brashi laini. Usitumie maji, mate wala pindo la kanga. Picha iliyoganda kwenye albamu ya gundi usiing'oe. Ipige hapo hapo kwa kamera, kwenye kivuli angavu karibu na dirisha, bila flashi.

Picha ya kawaida iskani kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe, maana doa la chai na umanjano wa karatasi ni sehemu ya habari. Barua na madaftari, nukta 400 zinatosha. Negativu zinahitaji 2400 au zaidi. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora; hiyo ndiyo faili kuu. Kisha tengeneza JPEG, iliyo nyepesi, ya kuwatumia watu. TIFF ya picha ya sentimita 10 kwa 15 itachukua kama MB 25, hivyo picha elfu moja ni kama GB 25 tu. Usibane faili kuu kwa kuogopa nafasi, na usirekebishe rangi kwenye faili kuu. Urembo ufanye kwenye nakala.

Jina la faili liwe fupi na lisibadilike: MKU-03-017 maana yake Mkunguni, nyumba ya tatu, kitu cha kumi na saba, mgongo wake ni MKU-03-017-nyuma. Majina ya watu, mwaka, msimulizi na ngazi ya ruhusa yaandike kwenye jedwali la kompyuta, na jedwali hilo lichapishwe kwenye karatasi kila baada ya miezi michache.

Hatua ya 6: Kaseti na kanga

Kaseti kabla ya kuicheza, vunja vile vijimeno viwili vya plastiki vya mgongoni ili isije ikarekodiwa juu. Ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe, ndipo uicheze mara moja huku ukirekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa. Saa moja ya stirio kwa kilohezi 48 na biti 24 ni kama GB 1. Kama deki inatafuna utepe, acha hapo hapo, tafuta deki nyingine.

Kanga itandaze mezani, uipige picha ikionyesha pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina, kisha uulize ilinunuliwa kwa ajili ya nani. Hapo nyamaza, usikilize. Jina la kanga aghalabu lilikuwa na mlengwa, na mlengwa huyo pengine aliishi chumba cha pili.

Hatua ya 7: Wafundishe wenye mali kutunza

Joto la Dar na unyevu wa pwani ndio maadui wakubwa, wakifuatiwa na mchwa. Sanduku la bati ni zuri, ila liinuliwe juu ya matofali, lisigusane na ukuta wa nje, na lisiwe chini ya bomba. Ndani, kila picha iwe kwenye bahasha ya karatasi nyeupe ya ofisini, ambayo unaweza kuikunja mwenyewe. Bahasha za kaki zina asidi inayokula picha. Mifuko laini ya plastiki hunata. Selotepu na laminesheni ni kifo cha polepole: ukishaipitisha picha kwenye mashine ya laminesheni hakuna fundi wa kuitoa salama.

Karatasi zenye wadudu zifunge kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, weka friza kwa wiki mbili, kisha uache mfuko umefungwa siku nzima nje ya friza kabla ya kufungua. Mafuriko yakiingia, kama yalivyoingia bondeni mwa Msimbazi Desemba 2011, suuza picha taratibu kwa maji safi na uzianike kivulini, uso juu, moja moja. Ukiziacha zikauke zikiwa zimebebana, zitakuwa tofali.

Hatua ya 8: Nakala tatu

Moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine kabisa, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila Januari na Julai fungua faili kumi kwa kubahatisha uone kama zinasomeka. Familia wape flashi yenye vyao vyote, na picha mbili tatu zilizosafishwa kwa karatasi nzuri. Flashi hupotea. Picha itatundikwa sebuleni.

Hatua ya 9: Irudishe mtaani

Mara moja kwa mwaka chapisha zile za ngazi ya kwanza kwa ukubwa wa A4, uzibane kwa vibanio kwenye kamba ya kuanikia nguo, barazani au kwenye uwanja wa shule. Chini ya kila moja weka karatasi nyeupe na penseli iliyofungwa uzi. Usiandike majina unayoyajua. Acha watu waandike. Wataandika, watabishana, watapigia simu dada aliye Muscat. Jioni kusanya karatasi zile kwa mpangilio wa namba, uziingize kwenye jedwali usiku huo huo mwandiko ungali ukisomeka, na kwa kila jina jipya uandike limetoka kwa nani. Mara ya kwanza kufanya hivi, watoto wa yule mama mwenye picha arobaini walikuja na jirani yao wa zamani aliyehamia Mbagala. Alikaa mbele ya kamba mpaka magharibi. Alituachia majina kumi na moja.