Kuunga waya za humidifaya kwenye fanesi: pima HUM kwanza

Mlioko Minnesota na majirani zake mnaijua Januari ya huku, midomo inapasuka, kitasa cha mlango kinakupiga shoti, watoto wanaamka pua zina damu. Hewa ya nje ikiwa baridi hivyo haibebi unyevu mwingi, ikiingia ndani fanesi (mtambo wa kupasha nyumba joto) ikaipasha ndo inakuwa kavu kabisa, so watu wanafunga humidifaya (kifaa cha kuongeza unyevu) kwenye dakti, yale mabomba ya bati yanayopitisha hewa. Kukata bati na kuvuta bomba leo naacha, nazungumzia waya tu maana hapo ndo vitu vinaungua.

Humidifaya ya baipasi, ile inayotegemea feni ya fanesi kusukuma hewa, haina hata mota. Kitu cha umeme mle ni valvu moja ya maji, ikipata volti 24 inafunguka. Humidistati nayo ni swichi tu, hewa ikikauka inaunga, ikitosha inakata. Kwa hiyo umeme unatoka, unapita humidistati, unapita valvu, unarudi, basi. Waya mbili za valvu hazina chanya wala hasi, chomeka yoyote popote.

Zima breka. Sio themostati, BREKA. Mimi mara ya kwanza niliona uvivu kurudi kwenye boksi la breka, waya wa R (unaoleta volti 24) ukagusa bati, fyuzi ya bodi (saketi inayoendesha fanesi) pwaa, Jumapili usiku na maduka yamefungwa, tukalala na makoti. Ni fyuzi ndogo kama za gari, mara nyingi amp 3 au 5, nunua mbili kabisa kabla hujaanza.

Sasa fungua mlango wa fanesi utafute kwenye bodi palipoandikwa HUM, ndo panapotoa umeme wa humidifaya. Hapa tulia. HUM za bodi nyingine zinatoa volti 120 na nyingine 24, na kwa macho hujui. Soma mchoro uliobandikwa nyuma ya mlango halafu upime pia: rudisha breka, shikilia ile swichi ya mlango (inayokata umeme mlango ukifunguliwa) kwa tepu (ukimaliza uitoe!!), pandisha themostati usubiri mpaka feni ipulize, testa iwe AC, ncha moja HUM nyingine kwenye nyutro (njia ya kurudi ya volti 120). Isiposoma 120 hamisha ncha ya nyutro uweke kwenye C (njia ya kurudi ya volti 24), utafute 24. Vidole mbali na chuma, na kama kupima kitu chenye umeme kunakutisha muite fundi, hakuna aibu. Ukimaliza zima breka tena.

Ikiwa 24: HUM iende kwenye humidistati, ikitoka hapo iende valvu, waya wa pili wa valvu urudi C. Tumia waya wa themostati wa geji 18.

Ikiwa 120 usithubutu kuweka valvu hapo, itaungua. Chukua transfoma, mara nyingi inakuja kwenye katoni, waya wake mweusi kwa HUM, mweupe kwa nyutro, wa kijani kwa ardhi, viungo vya 120 vyote vikae ndani ya boksi la chuma. Upande wa 24 ndo unazunguka humidistati na valvu.

Bodi haina HUM kabisa? Wengine wanachukua W (waya wa themostati wa kuita joto) na C, inafanya kazi ila maji yanaanza kutiririka kabla feni haijapuliza. Mimi napendelea transfoma yake yenyewe na relei inayohisi mkondo kwenye waya wa feni, yaani swichi inayojiunga yenyewe feni ikianza kuvuta umeme.

Washa, fanesi ikipuliza zungusha humidistati mpaka juu, usikie klik na uone maji yakilowesha pedi (ile inayopitiwa na hewa). Halafu ishushe, msiiache juu jamani. Nje ikiwa 20 Farenhaiti weka 35%, ikiwa sifuri 25%, ikiwa -20 weka 15%. Ukiamka ukute madirisha yanatoa jasho punguza tena, la sivyo yale maji yanaganda kwenye fremu na ukungu unafuata.