Gari yako iko inadondosha mafuta ya moteri kidogo, fanya hivi

Ndugu zangu wa Goma, kama asubui unakuta alama nyeusi chini ya gari usikimbilie garaji kufungua moteri yote. Jioni weka kartoni safi chini ya moteri, asubui utaona tone linaangukia wapi. Pima mafuta kwa kijiti chake cha kupimia, moteri ikiwa imepoa, gari ikiwa mahali pa sawasawa, yakikuwa chini ya alama ya chini ongeza pole pole, usipitishe alama ya juu.

Sasa kazi yenyewe iko kwa kutafuta, na hapa watu wengi wanakosea sababu mafuta yanashuka na upepo unayasukuma nyuma, kwa hiyo mahali yanadondokea si lazima ndipo yanatokea. Safisha moteri vizuri, ikauke, tembeza gari dakika 20, kisha angalia kuanzia juu: jointi ya kifuniko cha juu cha moteri, filtre ya mafuta, halafu bushoni ya chini (kizibo cha kumwagia mafuta). Na huku kwetu, na haya mawe ya volkano barabarani, angalia karteri pia (bakuli la mafuta chini ya moteri), inagongwa sana.

Bushoni ikivuja badilisha rondela yake (kipete cha kuzuia mafuta), ni bei ndogo kabisa. Vis za kifuniko usikaze kwa nguvu, utapasua.

Ukisikia harufu ya mafuta yanaungua kwa eshapoma (bomba la moshi), usingoje, inaweza kuwaka moto. Na taa nyekundu ya mafuta ikiwaka, zima moteri palepale, hata kama umebakiza mita 200 ufike nyumbani.