Jinsi ya kukagua kampuni ya vifungashio "rafiki wa mazingira" kabla ya kununua hisa

Kampuni ya vifungashio inayotafuta wawekezaji haikosi kabrasha zuri lenye picha za majani mabichi. Liweke pembeni kwanza. Omba hesabu ya tani za miezi 12: malighafi iliyoingia, bidhaa iliyotoka, mabaki yaliyokatwa, na mzigo uliolala stoo. Hesabu hiyo inapima mambo mawili kwa mpigo, ukweli wa madai ya mazingira na uzima wa biashara. Kampuni isiyoweza kuitoa ama haijui inachofanya, ama haitaki ujue.

Mwongozo huu ni wa mtu, chama au kikundi kinachofikiria kununua hisa za kampuni isiyoorodheshwa sokoni, Tanzania au Kenya, inayotengeneza mifuko ya kaki, mifuko mbadala, maboksi au vyombo vya chakula.

Anza na bidhaa, na uinunue mtaani

Sampuli za ofisini zimechaguliwa. Nenda sokoni, nunua mifuko kumi ya kampuni hiyo kwa wauzaji tofauti, kisha rudi nayo mezani.

Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, mifuko mbadala ya kitambaa cha polipropilini ilibaki kuwa halali kwa masharti, na viwango vya TBS, shirika la viwango la Tanzania, vinataka isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba, kipimo ambacho wafanyabiashara wanakiita GSM. Kishawishi kiko wazi: kitambaa kinanunuliwa kwa uzito, mfuko unauzwa kwa kipande. Kila gramu inayopunguzwa ni faida ya kiwanda.

Kupima ni rahisi. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kutoka kwenye kila mfuko, ukikwepa mishono na maandishi. Vipande kumi kwa pamoja ni sehemu ya kumi ya mita ya mraba. Vipime kwenye mizani ya sonara, si ya jikoni. Vikifika gramu 7, mfuko ni GSM 70. Vikisoma gramu 4.5, ni GSM 45, na mzigo wote unaweza kukamatwa na NEMC, baraza la mazingira la Tanzania. Isitoshe, mfuko mwepesi unachanika mapema. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba, kwa upande wa athari za tabianchi, mfuko wa polipropilini unapaswa kutumika mara 11 ndipo ulingane na ule mwepesi wa plastiki unaotumika mara moja. Wa karatasi mara 3, wa pamba mara 131. Mfuko unaokatika mkono safari ya tatu ni plastiki nzito zaidi iliyobadilishwa jina tu.

Vyombo vya chakula vya makapi ya miwa vina mtego wake. Ili visilowe mafuta, baadhi ya viwanda huchanganya kemikali za florini za kundi la PFAS, ambazo hazivunjiki kwenye udongo wala majini. Dondoshea chombo tone la mafuta ya kula. Likisambaa na kunyonywa, ni dalili njema. Likisimama kama shanga, omba cheti cha maabara cha jumla ya florini. Tone ni dalili tu, uthibitisho ni wa maabara. Kwa kampuni inayowauzia wasafirishaji wa chakula kwenda Ulaya jambo hili lina tarehe: kanuni mpya ya vifungashio ya Umoja wa Ulaya inaanza kutumika 12 Agosti 2026, na inaweka ukomo wa PFAS kwenye vifungashio vinavyogusana na chakula.

Kikombe cha karatasi kiloweke kwenye maji usiku kucha, kisha ukichambue kwa vidole. Utando mwembamba wa plastiki utabaki mkononi. Utando si dhambi, lakini maneno "karatasi asilimia 100" kwenye lebo ni uongo.

Neno "inaoza" lina masharti

Plastiki ya PLA itokanayo na wanga wa mahindi huoza vizuri kwenye mtambo wa mboji wa kiwandani, wenye joto la karibu nyuzi 58 na unyevu unaodhibitiwa. Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinapima hali hiyohiyo ya kiwandani: angalau asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi 6, na baada ya wiki 12 isibaki zaidi ya asilimia 10 ya vipande juu ya chekecho la milimita 2. Cheti kinaweza kuwa halali kabisa na bado kisikusaidie chochote, kwa sababu dampo la Pugu au la Dandora si mtambo wa mboji.

Kwa hiyo usiulize kama bidhaa inaoza. Uliza inaozea wapi. Omba jina la mtambo unaoipokea, mkataba, na tani zilizopokelewa mwaka jana. Jibu likiwa "wateja wetu wanafukia nyumbani", andika sifuri kwenye safu hiyo. Kama kampuni inauza plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuifanya isambaratike juani, ukaguzi uishie hapo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku tangu Julai 2021, maana inageuka chembe ndogo badala ya kuoza.

Hesabu ya tani

Chukua mfano wa kubuni wa kiwanda cha mifuko ya kaki. Mwaka ulianza na tani 90 za karatasi stoo, zikanunuliwa tani 1,000, mwisho wa mwaka zikabaki 140. Zilizotumika ni 950. Kampuni inasema iliuza mifuko milioni 14 yenye wastani wa gramu 55, yaani tani 770. Risiti za kuuza mabaki kwa warejelezaji zinaonyesha tani 60. Tani 120 hazina mwenyewe, na hapo hata uzito wa gundi hujautoa.

Tani hizo ziko mahali fulani. Pengine mifuko ni mizito kuliko inavyotajwa, na hilo unalijua ukipima mwenyewe. Pengine stoo imeandikwa ndogo kuliko ilivyo. Pengine kuna mauzo yasiyopita kwenye vitabu, na siku TRA au KRA ikiyagundua deni litakuwa lako pia. Au mabaki yanachomwa nyuma ya ukuta. Zunguka huko utafute majivu. Katika ukataji wa mifuko mabaki hayakwepeki, ila yanapopita asilimia 10 ya karatasi iliyotumika taka maelezo ya maandishi.

Usikubali namba za kompyuta peke yake. Manunuzi yalinganishe na nyaraka za forodha au ankara za muuzaji. Mauzo yalinganishe na ritani za VAT pamoja na risiti za EFD, mashine za kodi za Tanzania, au eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa Kenya. Stoo ihesabu kwa macho: roli nyingi hubandikwa lebo ya uzito, chagua 20 bila kuelekezwa na uziangalie kwenye daftari. Kisha omba bili za umeme za miezi hiyohiyo na ugawe yuniti kwa tani zilizozalishwa. Namba hiyo huyumba kidogo tu mwezi hadi mwezi. Uzalishaji ukidaiwa kupanda kwa asilimia 40 na umeme ukabaki palepale, bila mashine mpya wala jenereta, kuna mtu anapika hesabu.

Kwa warejelezaji hesabu ni ngumu zaidi. Chupa zinaingia na uchafu, vifuniko, lebo na maji, kwa hiyo kinachotoka lazima kiwe pungufu sana. Anayedai kununua tani 100 za chupa za mtaani na kutoa tani 98 za chembechembe safi hasemi kweli. Huenda anaongeza plastiki mpya. Kwenye makaratasi chakavu angalia unyevu, kwani wapo wanaoyamwagia maji kabla ya mizani. Kiwanda makini kina kipima unyevu mlangoni na kinamkata muuzaji kwa kanuni iliyoandikwa.

Karatasi imetoka msitu gani, na boila linakula nini

Nembo ya FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, ina namba: herufi C na tarakimu sita. Iingize kwenye kanzidata ya FSC iliyo wazi kwa umma. Angalia kama cheti kiko hai, kinahusu bidhaa gani, na kiwanda gani. Kosa la kawaida ni kampuni kutamba na cheti cha muuzaji wake wa karatasi. Mnyororo unakatika pale ambapo mtengenezaji wa mifuko hana cheti chake mwenyewe, na bidhaa yake haina haki ya kubeba nembo hiyo. Jua pia kwamba "FSC Mix" haimaanishi kila unyuzi umetoka msitu uliothibitishwa.

Karatasi ya hapa nyumbani, kama ile ya kiwanda cha Mgololo, Tanzania, inayotokana na misonobari ya msitu wa Sao Hill, ina faida ya safari fupi na ya kutotegemea dola, lakini bado omba nyaraka. Kwa wanaotengeneza trei na vyombo vya majimaji ya karatasi, ukaushaji ndio unaokula nishati nyingi. Boila likila kuni, zinatoka wapi, na kibali cha mazao ya misitu kiko wapi? Trei ya mayai inaweza kuwa ya karatasi chakavu tupu huku imekaushwa kwa mkaa wa miti ya asili.

Watu

Fika wakati wa kubadilishana zamu, uhesabu vichwa. Linganisha na orodha ya michango ya NSSF ya mwezi uliopita. Ukihesabu watu 80 na orodha ina majina 25, waliobaki ni vibarua wasio na kinga, na bei nafuu ya mfuko inalipwa na wao. Tanzania ongeza uthibitisho wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na usajili wa OSHA, wakala wa usalama kazini. Kwenye mashine za kukatia tazama kama vizuizi vya mikono viko mahali pake au vimefungwa kwa waya ili kazi iende haraka.

Kazi ya kubandika mikono ya mifuko mara nyingi hupelekwa majumbani, kwa kina mama, na kulipwa kwa kila mifuko mia. Uliza malipo ya mifuko 100 na muda inaochukua, piga hesabu ya siku nzima, kisha linganisha na kima cha chini cha mshahara. Kwa warejelezaji swali ni la waokota chupa: bei ya kilo imebandikwa wapi, mizani inahakikiwa na nani, na wanalipwa papo hapo au wiki ijayo?

Fedha, na sheria iliyozaa soko

Bidhaa njema haiokoi biashara mbovu. Danimer Scientific ya Marekani ilitengeneza plastiki inayooza kweli ya PHA, ikaingia soko la hisa la New York mwishoni mwa 2020, na Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mufilisi. Kwa kampuni ndogo ya kwetu anza na wadaiwa. Mauzo ya mwaka yakiwa shilingi bilioni 2.4 na wadaiwa milioni 800, kampuni inasubiri malipo kwa siku 122 kwa wastani. Kama yenyewe inamlipa muuzaji wa karatasi kwa siku 30, pengo hilo linazibwa kwa mkopo, na riba inakula faida. Kuwa macho zaidi mteja mmoja anapochukua zaidi ya asilimia 30 ya mauzo, hasa supamaketi. Nakumatt ilipowekwa chini ya msimamizi Januari 2018, waliokuwa wakiiuzia mali walibaki na ankara mkononi, na mwaka 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe.

Baada ya hapo jaribu sarafu. Malighafi nyingi hulipwa kwa dola huku mauzo ni ya shilingi. Shilingi ya Kenya ilifika karibu 160 kwa dola mapema 2024, kisha ikarudi hadi karibu 130. Chukua hesabu za mwaka jana, pandisha gharama ya malighafi kwa asilimia 20, uone kama faida ghafi inabaki.

Sheria nayo huleta soko na kulichukua. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, wengi walikimbilia kitambaa cha polipropilini. Machi 2019 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikakizuia nacho. Uliza mashine za kampuni zinaweza kubadilishiwa malighafi gani, na kwa gharama gani. Kwa Kenya uliza pia kama kampuni imejiandaa kwa kanuni za 2024 za wajibu wa mzalishaji, zinazomdai agharimie bidhaa yake inapogeuka taka.

Nyaraka za kawaida ni kazi ya asubuhi moja: taarifa ya wanahisa kutoka BRELA, msajili wa kampuni wa Tanzania, au CR12, waraka kama huo wa Kenya, cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira na ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa kila mwaka, leseni ya ubora ya TBS au ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, uthibitisho wa kodi, na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Angalia tarehe, cheti kilichoisha hugeuzwa pambo la ukutani.

Mkataba

Ukiridhika, usitoe pesa yote kwa mkupuo. Gawa mara mbili au tatu, kila awamu ikitegemea jambo linaloonekana, kama cheti cha FSC cha kampuni yenyewe au vibarua kuandikishwa NSSF. Andika haki ya kupata hesabu ya tani kila robo mwaka na ya kuingia kiwandani bila kutoa taarifa zaidi ya siku moja. Hisa za kampuni isiyo sokoni hazina mnunuzi wa haraka, kwa hiyo kipengele cha kununuliwa tena kitaje nani atanunua, baada ya miaka mingapi, na kwa kanuni gani ya bei. "Bei ya makubaliano" si kanuni. Mwanasheria wa kampuni akikataa kipengele cha tani na kukubali vingine vyote, rudi kwenye zile tani zisizo na mwenyewe kabla ya kusaini.