Kugawa diski ya GB 80 kwenye Windows 98

Kompyuta ninayoitunza ni Pentium III yenye Windows 98 SE. Inaendesha mashine ya kukata stika, na programu ya mashine hiyo haifanyi kazi kwenye Windows za baadaye. Diski yake ya zamani ilipoanza kugoma, tukanunua ya GB 80. Nitaeleza nilivyoigawa, maana mfumo huu ulitengenezwa wakati diski kubwa hivyo hazijazoeleka.

Kabla ya yote, hamisha kazi zako mahali pengine, kisha chomoa diski nyingine zote ibaki hiyo mpya peke yake. FDISK, programu ya kugawia diski, huzitaja diski kwa namba tu, na ni rahisi sana kufuta isiyo yenyewe.

Washa, ingia BIOS (programu ya ubao inayoanza kabla ya Windows), tazama ukubwa inaousoma. BIOS nyingi za zamani hukomea GB 8.4, nyingine karibu na GB 33. Kama yako imekomea hapo, tafuta toleo jipya la BIOS ya ubao huo au kadi ya PCI ya kuunganishia diski. Usiendelee kabla ya kulimaliza hilo.

Sasa FDISK yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Ile iliyokuja na Windows 98 haiwezi kuhesabu kupita GB 64: ikifika hapo inaanza upya. Diski ya GB 80 ina takriban MB 76,300, lakini yenyewe itakuonyesha kama MB 10,800. Watu hudhani wameuziwa diski bandia. Diski ni nzima. Kinachokosea ni hesabu ya programu. Microsoft ilitoa FDISK iliyorekebishwa. Iweke kwenye flopi ya kuwashia badala ya ile ya mwanzo, au tumia FDISK ya FreeDOS, mfumo huria unaofanana na DOS.

Washa kwa flopi, andika `fdisk`. Swali la kwanza linahusu diski kubwa: jibu Y. Ukijibu N utapewa FAT16, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na kila kipande hakitazidi GB 2.

Mimi nilitengeneza patisheni (kipande cha diski) kuu, C, ya MB 7,500. Sikuikadiria ovyo. Kwenye FAT32, mpangilio unaoupata ukijibu Y, patisheni isiyofika GB 8 hutumia klasta (nafasi ndogo kabisa ambayo faili hupewa) za KB 4. Ikizidi GB 32 klasta ni KB 32, na faili la KB 1 linakula klasta nzima. Ofisi ya stika ina maelfu ya mafaili madogo ya michoro, kwa hiyo hasara hiyo unaiona. Nafasi iliyobaki niliifanya patisheni ya ziada, ndani yake D na E za MB 30,000 kila moja, kisha F, kama MB 8,800. Faida nyingine ya C ndogo: Windows ikiharibika unaifomati C peke yake, na michoro iliyoko D haiguswi.

Rudi kwenye menyu, chagua namba 2, uifanye C kuwa hai. Ukiruka hatua hii kompyuta haitawaka kwa diski. Toka, zima na kuwasha upya kwa flopi, ndipo uandike `format c:`, halafu D, E na F kwa zamu.

Ukishauriwa kununua ya GB 160 kwa sababu bei inakaribiana, kataa. Kiendeshi cha diski cha Windows 98 hutumia anwani za biti 28, mwisho wake GB 137. Ukipita hapo data huharibika bila onyo lolote, na hilo ni baya kuliko diski kukataa kuwaka.

Kabla ya kusakinisha, nakili folda ya WIN98 kutoka kwenye CD uiweke D, kisha endesha `setup` kutoka humo. Kila utakapoongeza printa au kadi, Windows itachukua mafaili D bila kukudai CD.