Jinsi ya kumpima kocha wa futiboli ya vyuo kabla hujadai afukuzwe

Tarehe 30 Novemba 2024 Ohio State, timu ya chuo kikuu inayofundishwa na Ryan Day, ilifungwa 13–10 na Michigan nyumbani kwake, mara ya nne mfululizo. Shemeji yangu, ambaye tunaishi naye hapa Columbus na aliyeingia kwenye futiboli ya Kimarekani kwa pupa ya mtu wa Simba na Yanga, alichukua risiti ya duka, akaandika nyuma yake: "Day hafai. Aondoke." Akaibandika kwenye friji kwa sumaku. Siku 51 baadaye Ryan Day aliifunga Notre Dame 34–23 mjini Atlanta na kutwaa ubingwa wa taifa. Shemeji akaniuliza, kwa unyonge kidogo, "Sasa wewe unajuaje kocha ni kocha?" Nilimfundisha hivi.

Hatua ya 1: Daftari na kalamu
Programu za simu sizitaki kwa kazi hii. Rekodi za misimu ziko bure kwenye tovuti ya Sports Reference. Podikasti zima zote.

Hatua ya 2: Tenganisha kombe na ujenzi
Kuna kocha anayejenga nyumba, na kuna anayepanga chumba kizuri kwa mwaka mmoja. Gene Chizik alishinda michezo 14 kati ya 14 akiwa Auburn mwaka 2010, kwotabeki wake (mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi) akiwa Cam Newton, aliyekaa pale msimu mmoja tu. Mwaka 2012 Auburn ilimaliza 3–9, yaani ushindi mara tatu na vipigo tisa, Chizik akafukuzwa. Jiulize: nyota akiondoka, kinabaki nini?

Hatua ya 3: Hesabu wachezaji ni wa nani
Hapa nilipoteza usiku mzima, kwa hiyo twende polepole. Chukua majina 22 ya wanaoanza mchezo, 11 wa kushambulia na 11 wa kulinda, kando ya kila jina andika: kocha huyu alimleta, au alimkuta? Unadhani ni kazi ya dakika kumi. Mimi nilifuata ile safu ya "mwaka wa pili", "mwaka wa tatu" kwenye orodha ya timu, na saa tisa usiku nikagundua nimeharibu daftari zima. Safu ile haisemi mchezaji amekaa chuoni miaka mingapi. Inasema amebakiwa na misimu mingapi ya kucheza.

Kanuni ilikuwa mchezaji ana misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano, na akicheza michezo isiyozidi minne, mwaka ule anaweza asihesabiwe. Juu ya hapo, msimu wa 2020, ule wa korona, haukuhesabiwa kwa yeyote. Kwa hiyo "mwaka wa pili" wa mwaka 2022 anaweza kuwa aliingia chuoni 2019, enzi za kocha mwingine kabisa!

Dawa ni kuiacha safu hiyo, ufungue wasifu wa mchezaji mmoja mmoja uone alitia saini lini. Hiyo tarehe nayo ina mtego. Tangu 2017 wengi husaini Desemba, na makocha wapya huajiriwa karibu na wakati huohuo, hivyo kundi la kwanza la kocha mpya kwa kweli limetafutwa na aliyemtangulia. Mimi humhesabia kuanzia la pili. Isipokuwa waliohama kutoka vyuo vingine: tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka, kwa hiyo hao ni wake tangu siku ya kwanza. Curt Cignetti alienda Indiana iliyokuwa imetoka 3–9, akaja na wachezaji 13 wa James Madison, chuo alichokuwa akikifundisha kabla. Mwaka 2024 akamaliza 11–2, msimu wa 2025 akawa bingwa wa taifa. Zamani tulisema mpe kocha miaka mitatu, tukimtaja Nick Saban aliyeanza Alabama na 7–6 mwaka 2007, akawa bingwa 2009. Siku hizi mimi nampa miwili.

Ukimaliza, zungushia duara wale watano wanaomlinda kwotabeki. Wangapi ni wake? Kwangu jibu hilo lina uzito kuliko kwotabeki mwenyewe.

Hatua ya 4: Baada ya kipigo, alimwajiri nani?
Januari 2012 Clemson ya Dabo Swinney ilichapwa 70–33 na West Virginia. Swinney akabadilisha kocha wa ulinzi, akamleta Brent Venables, na makombe ya 2016 na 2018 yakafuata. Day naye alikuwa anapanga mashambulizi mwenyewe. 2024 akamkabidhi Chip Kelly kazi hiyo. Nyumba aliirithi kwa Urban Meyer, kocha aliyemtangulia, ni kweli, lakini alikubali kwamba paa linavuja.

Hatua ya 5: Michezo anayofungwa kwa pointi chache
Watu husema ni bahati, itageuka. Nebraska ya Scott Frost ilipoteza michezo tisa mwaka 2021, yote kwa pointi chini ya 10. Mwaka uliofuata haikugeuka, na Septemba akafukuzwa. Ikijirudia misimu miwili, usiite bahati.

Mshahara usiuangalie. Jimbo Fisher alipewa mkataba wa dola milioni 75 na Texas A&M, akafukuzwa 2023 bila ubingwa wa taifa pale.

Risiti ya shemeji bado iko kwenye friji. Chini yake aliongeza kwa kalamu nyekundu, "Tusubiri Michigan." Novemba 2025 Day akaifunga Michigan 27–9. Nilimwambia aitoe. Anasema sumaku imeganda.