Jinsi ya Kuomba Nafasi ya Mafunzo Yenye Ufadhili katika Sheria ya Bahari na Usimamizi Wake

Mwombaji wa mafunzo haya anapaswa kwanza kujua anaomba nini, kwa kuwa chini ya neno moja la bahari zimekaa fani ambazo hata waliosoma sheria huzichanganya. Sheria ya bahari hushughulikia mamlaka ya nchi juu ya maji na vilivyomo: nani anavua wapi, nani anapita wapi, na mpaka unaishia wapi. Msingi wake ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliopitishwa mwaka 1982 na kuanza kutumika tarehe 16 Novemba 1994, wenye ibara 320, ambao uliweka bahari ya eneo, yaani maji yaliyo chini ya mamlaka kamili ya nchi ya pwani, isiyozidi maili 12 za baharini, na ukanda wa kiuchumi, ambamo nchi hiyo ina haki juu ya samaki na rasilimali nyingine, usiozidi maili 200. Sheria ya usafiri wa majini ni nyingine: yenyewe huiangalia meli na shughuli zake, yaani usajili, shehena, ajali, uokoaji, kukamatwa kwa meli kwa sababu ya deni, na kuondolewa kwa mabaki yake ikizama. Usimamizi wa bahari huzichukua zote mbili na kuziunganisha na sera, sayansi na uchumi. Anayeshughulikia leseni za uvuvi akiomba kozi ya mikataba ya shehena, wasomaji wa maombi wataona mara moja kwamba hakusoma tangazo.

Ukishajua fani yako, tafuta mlango unaoifaa. Mwanasheria anayeandika au kutafsiri sheria za serikali hufaa zaidi katika Taasisi ya Kimataifa ya Sheria ya Usafiri wa Majini iliyoko Malta, iliyoanzishwa mwaka 1988 chini ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa meli. Huko mwanafunzi wa shahada ya uzamili huandika rasimu ya sheria ambayo nchi yake inaweza kuitumia, na nusu ya nafasi hutengwa kwa ajili ya wanawake. Asiye mwanasheria, kama vile nahodha, mkaguzi wa meli au ofisa wa bandari, aangalie Chuo Kikuu cha Dunia cha Masuala ya Bahari kilichoko Malmö, Sweden, kilichofunguliwa mwaka 1983 kwa ajili ya watu wa aina hiyo hasa.

Kwa maofisa wa serikali wa nchi zinazoendelea upo ufadhili wa Umoja wa Mataifa na Wakfu wa Nippon wa Japani, ulioanza mwaka 2004, ambao mpango wake wa msingi huchukua miezi tisa, sehemu yake chuoni na sehemu katika ofisi ya masuala ya bahari jijini New York. Wakfu huohuo umegharimia pia mafunzo ya utatuzi wa migogoro katika Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoko Hamburg. Asiyeweza kuondoka kazini kwa muda mrefu anaweza kufikiria kozi fupi, mfano ile ya majira ya joto ya Hamburg ya wiki nne au ile ya Rhodes, Ugiriki, ya wiki tatu, ingawa hizi hutoza ada na msaada wa fedha huwafikia baadhi tu ya waliokubaliwa.

Njia moja haitajwi sana, nayo nadhani inastahili kutazamwa zaidi. Kampuni na mashirika yaliyopewa mikataba ya kutafuta madini kwenye sakafu ya bahari kuu yana wajibu wa kuwafundisha watu kutoka nchi zinazoendelea, na nafasi hizo hutangazwa kupitia Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari yenye makao yake Kingston, Jamaica. Nyingi ni za jiolojia, uhandisi na utafiti ndani ya meli, kwa hiyo huwafaa zaidi wanasayansi wanaotaka kuingia katika usimamizi wa bahari.

Sasa tuje kwenye barua ya uteuzi, yaani barua ya kukupendekeza kwa mfadhili, mahali ambapo waombaji wengi wazuri hukwama. Programu nyingi za namna hii hazimpokei mtu anayejiombea peke yake, kwa sababu mfadhili analenga kuijenga ofisi inayomtuma. Barua hiyo huandikwa na mwajiri, na pengine hulazimika kupita wizarani kabla ya kutumwa. Usisubiri tangazo litoke. Nenda kwa mkuu wako mapema, ukiwa na tangazo la mwaka uliopita mkononi, na umwombe kwa heshima akuambie nani ana mamlaka ya kutia saini na faili litapita meza ngapi. Ikiwa ni meza tano, hesabu wiki moja kwa kila meza, kisha ongeza wiki mbili za mtu aliye likizo. Huo si utani.

Barua yenye uzito husema mambo matatu bila kuzunguka: mwombaji anafanya kazi gani leo, ataendelea kulipwa mshahara na kushikiliwa nafasi yake akiwa masomoni, na akirudi atapangiwa jukumu gani. Wakuu wengi huandika kwamba mtumishi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye nidhamu. Maneno hayo ni mazuri lakini hayamwambii mfadhili chochote. Hakuna ubaya kumpelekea mkuu wako rasimu anayoweza kuirekebisha, maana mara nyingi atashukuru kwa kupunguziwa kazi.

Sehemu ya pili inayoamua ni maelezo ya utafiti au ya sababu za kuomba. Tuchukue mfano wa ofisa wa forodha. Rasimu ya kwanza ya mtu kama huyo huanza hivi: "Nimeipenda bahari tangu utotoni na ningependa kuchangia maendeleo ya uchumi wa buluu." Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote katika nchi yoyote. Rasimu ya pili, baada ya kuitazama meza yake, inasema: "Meli za mafuta zisizo na kibali huzijazia mafuta meli za uvuvi ndani ya ukanda wetu wa kiuchumi. Sheria yetu ya forodha inaturuhusu kuzikamata, lakini sina hakika kama sheria hiyo inafika huko."

Hapo limepatikana swali, na swali hilo lina historia. Mwaka 1999, katika kesi ya meli ya Saiga, mahakama ya Hamburg iliamua kwamba Guinea haikuwa na haki ya kutumia sheria zake za forodha kwa meli iliyokuwa ikiuza mafuta katika ukanda wake wa kiuchumi. Mwaka 2014, katika kesi ya Virginia G dhidi ya Guinea-Bissau, mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba nchi ya pwani inaweza kudhibiti ujazaji wa mafuta kwa meli za kigeni zinazovua katika ukanda wake, kwa kuwa jambo hilo linahusu uhifadhi na usimamizi wa samaki. Ofisa wetu akieleza kwamba anataka kuchunguza kama udhibiti huo uhamishwe kutoka sheria ya forodha kwenda sheria ya uvuvi, amekwisha kuwaonyesha wasomaji tatizo, hoja na matumizi ya mafunzo yake katika aya moja. Haitoshi kutaja tu kwamba kesi hizo zipo. Lazima zifungamane na faili lililo mezani kwake.

Kuhusu fedha, soma tangazo kama unavyosoma mkataba. Kukubaliwa na chuo na kupata mfadhili ni mambo mawili tofauti, na hutokea mtu akapata barua ya udahili bila senti ya kuilipia. Angalia kama ufadhili unagusa ada peke yake, au pia tiketi ya ndege, bima ya afya, malazi na posho ya kujikimu. Angalia vilevile posho hiyo hulipwa lini, kwa sababu ikilipwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza utahitaji akiba ya kuanzia. Gharama za kuandamana na mke, mume au watoto kwa kawaida hazimo.

Nyaraka nyingine hazihitaji maelezo mengi: vyeti, wasifu usiozidi kurasa mbili au tatu, cheti cha lugha ya kufundishia, cheti cha daktari, na pasipoti ambayo haitakwisha muda wake katikati ya masomo. Umri pia huzingatiwa, na baadhi ya programu huweka ukomo wa miaka 40.

Ukiitwa kwenye usaili, pitia Sehemu ya V ya Mkataba wa Sheria ya Bahari inayohusu ukanda wa kiuchumi na Sehemu ya XV inayohusu utatuzi wa migogoro. Soma pia makubaliano ya mwaka 2023 kuhusu viumbe hai vilivyo nje ya mipaka ya nchi, yaliyoanza kutumika Januari 2026, kwani wasaili wana kila sababu ya kuyauliza. Ukikosa nafasi, omba tena mwaka unaofuata kwa swali lilelile lililonolewa zaidi.

Ukiipata, kusanya nakala za sheria, kanuni, fomu za leseni na matangazo ya serikali yanayohusu swali lako kabla ya kupanda ndege, na uombe kibali cha kuondoka nazo. Maktaba za huko zina hukumu na mikataba yote ya dunia, lakini kanuni iliyorekebishwa na ofisi yako miaka miwili iliyopita, na ambayo haijawekwa mtandaoni, utaipata tu kwenye kabati la ofisi hiyo.